Farasi, Punda au Gari: Barabara Ikikatika Tutegemee Nini?

Ndugu msomaji, hebu tufikiri pamoja jambo moja. Mvua imenyesha siku nne, usiku na mchana. Mto umefurika. Daraja la magogo limechukuliwa na maji. Lori lililokuwa likileta unga na dawa limekwama ng'ambo, na dereva wake amelala humo humo. Kijijini kuna mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Uchungu umemshika kabla ya wakati na damu inamtoka. Tabibu wa zahanati amesema huyu lazima afike hospitali leo. Hospitali iko kilomita 38. Je, tumpeleke kwa chombo gani?

Swali hili tumeliuliza katika vikundi vingi vya kisomo. Vijana hujibu upesi, "Gari! Au bodaboda." Wazee hucheka. Mzee mmoja alimwambia kijana hivi: "Mjukuu wangu, gari lako liko wapi sasa? Si lile limezama pale?" Kijana naye akamrudishia: "Sawa babu, na huyo punda wako anajua kuogelea?" Darasa zima likaangua kicheko. Lakini swali likabaki pale pale.

Leo tutalitazama swali hilo kwa kutumia mambo yaliyotokea kweli, na hesabu kidogo. Shika kalamu na karatasi. Tutaanza na farasi, maana huyu wengi wetu tumemsoma vitabuni kuliko tulivyomwona kwa macho.

KWA NINI KWETU FARASI NI WACHACHE

Farasi ana nguvu na ana mbio. Huko Ethiopia na Lesotho, nchi za milima na baridi, watu wa vijijini humpanda kwenda sokoni, kwenda kutibiwa, hata kupeleka mahindi mashineni. Kwa nini basi sisi hatuna? Si kwamba babu zetu hawakuwa na akili ya kufuga. Sababu kubwa ni magonjwa mawili.

La kwanza huletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Inzi huyu hunyonya damu ya nyati au pongo mwenye vijidudu vya ugonjwa. Kisha anamwuma farasi na kumwachia vijidudu hivyo. Nyati haoneshi dalili, anakula majani yake kama kawaida. Farasi anapata homa, damu inapungua mwilini, anakonda, tumbo na miguu vinavimba, mwisho anaanguka. Ugonjwa huu huitwa nagana. Ng'ombe nao huupata, wafugaji mnajua. Ugonjwa wa malale unaowapata watu ni ndugu yake.

La pili ni tauni ya farasi. Hiyo huletwa na usubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma jioni na usiku. Farasi anaweza kula vizuri leo, na siku chache baadaye akafa huku povu likimtoka puani. Punda anastahimili ugonjwa huu, na punda milia ndiyo kabisa. Wajerumani walipotawala hapa waliona hivyo, wakajaribu kumfuga punda milia awe farasi wao. Walimkamata, wakamfunga, wakachoka wao. Mnyama yule anauma, anapiga mateke, wala hakubali mzigo kama punda wa kufugwa.

Tuseme pia neno moja la lugha. Punda dume akizaa na farasi jike, mtoto wao huitwa nyumbu. Huyu siye yule nyumbu wa porini anayehama na makundi. Ni mnyama wa kazi, mwenye nguvu za mama na ustahimilivu wa baba, lakini yeye mwenyewe kwa kawaida hazai. Huko pwani wapo wanaomwita baghala. Tunamtaja kwa sababu tutakutana naye sasa hivi katika vita.

FARASI NA MALORI KATIKA NCHI YETU, 1916

Mtu akitaka kujua kama farasi ni bora au gari ni bora, aangalie Vita Kuu ya Kwanza ilivyopiganwa hapa kwetu kutoka 1914 mpaka 1918. Wajerumani walikuwa wanatawala, na jeshi lao liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walikuja kuwatoa. Mwezi Februari 1916 jeshi la Waingereza lilipata mkubwa mpya, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini. Smuts alizoea vita vya farasi. Kwao nchi ni kavu, wazi, na majani mengi. Akaleta askari wapanda farasi kwa maelfu, akaleta nyumbu, punda na ng'ombe wa kukokota, na akaleta malori. Yaani alikuwa na vyote viwili tunavyobishania leo.

Mwezi Machi Moshi ikachukuliwa. Mwanzoni mwa Aprili, Jenerali Jaap van Deventer akatumwa na wapanda farasi wake kutoka upande wa Arusha kwenda Kondoa Irangi. Ni safari ya kilomita zaidi ya 200. Walipita mlima wa Lolkisale, wakapigana hapo, wakaendelea. Tarehe 19 Aprili walikuwa wamekwisha kuichukua Kondoa. Kwa mwendo ule Wajerumani walishtuka. Hakuna lori la wakati ule ambalo lingeweza kupita porini namna hiyo, bila barabara, tena upesi hivyo. Hapo tumpe farasi haki yake.

Lakini angalia kilichofuata. Farasi mamia walikufa njiani kwa mbung'o, kwa kuchoka na kwa kukosa chakula cha kutosha. Askari wengi waliingia Kondoa kwa miguu, tandiko begani. Na masika ilikuwa imeanza. Mvua ikafunga njia nyuma yao. Malori yaliyotakiwa kuwaletea chakula yakazama katika udongo mweusi, ule unaoshika jembe. Wakakaa Kondoa wiki nyingi wakila walichokipata kwa wenyeji. Na mizigo michache iliyowafikia ilifika kwa njia gani? Kwa vichwa vya watu. Wapagazi ndio walioibeba kutoka Lolkisale, wakitembea katika maji na matope.

Mambo yakawa hivyo hivyo nchi nzima. Kiangazi, malori yalifanya kazi. Tena yale madogo na mepesi, kama Ford, yalishinda makubwa, kwa sababu hayakuzama sana na watu wachache waliweza kuyasukuma. Mvua ikinyesha, yote yalisimama. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa mvua na jua, maana mbung'o hana likizo. Kila walipokufa waliletwa wengine, nao wakafa. Mwanzoni mwa 1917, mafuriko ya Rufiji yalipokuwa makubwa, askari waliotoka Nigeria walikaa kule kwa nusu posho. Chakula kilikuwepo nyuma, lakini hakikuwa na miguu wala magurudumu ya kukifikisha.

Jambo moja lilitupendeza katika habari hizi. Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja ya reli ya kati, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Injini nzito za treni hazikuweza kupita juu ya madaraja yaliyotengenezwa haraka haraka. Basi mafundi wakachukua malori, wakayatoa magurudumu yake, wakayawekea ya reli. Lori lile lile lililokuwa halina maana matopeni, sasa likakokota mabehewa ya unga na risasi. Msomaji, weka jambo hili akilini.

Lakini mzigo mkubwa kuliko yote waliubeba watu. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa kulazimishwa. Hesabu zao wenyewe zinaonyesha kuwa waliokufa walizidi 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na kichomi, si kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps." Watu wetu wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Ukienda Dar es Salaam kununua kitenge Kariakoo, jina hilo ndilo unalolitamka. Nairobi nao wana Kariokor yao. Wajerumani nao walichukua wapagazi, na pande zote mbili zilichukua nafaka na ng'ombe wa wanavijiji. Huko Ugogo njaa iliyofuata wazee waliiita Mtunya, na wajukuu wanalijua jina hilo mpaka leo.

TUPIGE HESABU

Sasa tuone kwa nini watu walikufa hivyo. Tutumie namba rahisi.

Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Anatembea kilomita 24 kwa siku. Askari wako kilomita 240 mbele. Basi kwenda ni siku 10, kurudi ni siku 10. Jumla siku 20. Atakula kilo 20. Toa 20 katika 25. Zinabaki kilo 5. Mtu ametembea siku 20 ili kufikisha kilo 5 tu!

Je, ikiwa kule mbele wako askari 1,000, kila mmoja anakula kilo moja kwa siku? Wanahitaji kilo 1,000 kila siku. Gawanya kwa 5. Wapagazi 200 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku 20 kwenda na kurudi, zidisha 200 kwa 20. Unapata wapagazi 4,000 walioko njiani wakati wowote, kwa ajili ya askari 1,000. Bado hatujahesabu wagonjwa, wala risasi. Mkubwa wa jeshi akiona hesabu hii, la kwanza analopunguza ni posho ya mpagazi. Ndivyo watu walivyokufa.

Tumjaribu farasi. Tuseme anabeba kilo 70, na kwa kazi nzito anataka kilo 5 za nafaka kwa siku mbali na majani. Siku 20 mara kilo 5 ni kilo 100. Amebeba 70. Yaani amekula mzigo wote na bado ana deni la kilo 30! Ndiyo kusema farasi wa mizigo, mahali pasipo na malisho mazuri, anajibeba mwenyewe tu. Na maji, lita 30 kwa siku au zaidi kukiwa na joto.

Sasa lori. Tuseme linabeba kilo 3,000 na linakwenda kilomita 3 kwa lita moja. Kilomita 240 kwenda na 240 kurudi ni kilomita 480. Gawanya kwa 3, ni lita 160. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Kwa hiyo mafuta yote ni kilo 120. Toa 120 katika 3,000. Lori limefikisha kilo 2,880. Wapagazi wangapi wangefikisha mzigo huo? Gawanya mwenyewe 2,880 kwa 5, uone.

Kwa hesabu hii vijana watapiga makofi. Lakini hesabu hii ni ya njia kavu. Njia ikilowa, lori halifikishi kilo 2,880 wala kilo 5. Linafikisha sufuri. Hilo ndilo jambo la kukumbuka kuhusu gari. Mnyama akipata shida hupunguza mwendo. Gari likipata shida husimama kabisa.

KULE KWENYE BARAFU

Ili tusidhani shida hii ni ya matope tu, twende mbali kidogo, mpaka mwisho wa dunia upande wa kusini. Kule hakuna udongo, hakuna majani. Ni barafu tupu, baridi inayokausha vidole mpaka vikatike. Mwaka 1911 vikundi viwili vilishindana kufika kwenye Ncha ya Kusini. Kimoja kiliongozwa na Kapteni Robert Scott wa Uingereza. Kingine kiliongozwa na Roald Amundsen wa Norwei.

Scott alichukua vyombo mchanganyiko. Alikuwa na magari matatu ya injini ya kutambaa juu ya theluji, mambo mapya kabisa wakati ule. Alikuwa na farasi wadogo 19 kutoka nchi za baridi za Asia. Alikuwa na mbwa pia, lakini hakuwaamini sana. Amundsen alichukua mbwa peke yake, na baadhi ya watu wake walikuwa wamezoea kuwaendesha.

Gari la kwanza la Scott lilizama baharini siku ya kulishusha melini, barafu ilipovunjika. Mawili yaliyobaki yaliharibika injini baada ya siku chache za safari. Farasi walizama katika theluji mpaka tumboni. Jasho lao liliganda juu ya ngozi. Na kwa kuwa kule hakuna majani hata unyasi mmoja, chakula chao chote kilibidi kibebwe. Kabla ya safari yenyewe Scott alikwenda kuweka ghala la chakula njiani. Farasi walidhoofika sana, ikambidi aliweke ghala hilo zaidi ya kilomita 50 kabla ya mahali alipokuwa amepanga. Mwezi Desemba 1911 farasi wa mwisho walipigwa risasi, na watu wakaanza kuvuta mizigo wenyewe kama punda.

Amundsen alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Alianza na mbwa 52, akarudi na 11. Wengine waliuawa njiani wakawa chakula cha wenzao na cha watu. Ni jambo baya kulisikia, lakini watu wake wote watano walirudi wazima. Scott na wenzake wanne walifika tarehe 17 Januari 1912, wamechelewa zaidi ya mwezi. Katika kurudi wote watano walikufa. Watatu wa mwisho walikufa hemani, mwezi Machi, kilomita 20 hivi kutoka kwenye ghala lile. Piga hesabu tena. Lingekuwa mahali palipopangwa, wangekuwa wamekwisha kulipita.

Scott hakukosa ushujaa, wala hakukosa vyombo. Lakini farasi na magari vyote havikuwa vya mahali pale.

TURUDI KIJIJINI

Basi tumrudie mama yetu. Kilomita 38. Kiangazi jibu ni rahisi: gari. Hata kwa barabara mbaya atafika kwa saa mbili. Kwa mkokoteni wa punda, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, ni saa tisa na nusu. Mama anayetokwa na damu hana saa tisa na nusu. Wazee wetu tunawaheshimu, lakini hapo vijana wameshinda.

Lakini leo mto umejaa. Mto uko kilomita 6 kutoka kijijini, na ng'ambo ya mto barabara ni ya changarawe. Kumbuka lile lori lililowekewa magurudumu ya reli. Watu wale hawakuuliza chombo kipi ni bora. Waliuliza kipande hiki cha njia kinataka chombo gani. Nasi tufanye hivyo. Simu ipigwe kwanza hospitali, au kwa mwenye gari aliye ng'ambo, ili gari lianze kuja mtoni. Hapa kijijini mama alazwe kwenye machela, alalie ubavu wa kushoto. Njia ikiwa ya matope mazito, machela ibebwe na watu wanne, na wengine wanne waende nyuma wakipokezana. Njia ikiwa ngumu, mkokoteni uliotandikwa majani makavu na godoro utakwenda. Asipandishwe mgongoni mwa punda, wala nyuma ya pikipiki, maana anaweza kuzimia akaanguka. Kilomita 6 ni saa moja na nusu. Mtoni avushwe kwa mtumbwi, na mvushaji awe yule anayeujua mto huo. Ng'ambo gari linapokea, kilomita 32. Hata likienda kilomita 20 tu kwa saa, ni saa moja na dakika 36. Jumla ni kama saa tatu na kidogo, ukiacha kuvuka.

Kuhusu kuvuka tuseme wazi. Maji yanayokwenda kasi, yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika nusu mita yanaweza kulinyanyua gari dogo na kulipeleka. Dereva huona maji ya juu tu, haoni shimo lililochimbwa chini. Kila masika watu hufa hivi, wakiwa ndani ya gari lenye injini nzima na mafuta tele. Kama maji yanakwenda kasi na mtumbwi hauwezi, tafuteni daraja jingine hata kama ni mbali.

Na lililo bora kuliko yote ni kutongojea mafuriko. Mama ambaye siku zake zitaangukia masika, hasa mwenye mimba ya kwanza au aliyewahi kupasuliwa, aende mapema akakae karibu na hospitali, kwa ndugu au katika nyumba ya kungojea uzazi kama ipo. Hivyo hivyo mizigo mizito ya kijiji, mbolea, mbegu, chumvi, dawa za zahanati, iletwe kwa lori wakati barabara ni kavu. Lori likitumika Septemba, Aprili hatulihitaji sana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na reli nyingi katika nchi yetu, na vijiji vyenye akiba ghalani havikuangalia barabara kwa wasiwasi kama vile ambavyo havina.

PUNDA NAYE ANA MASHARTI

Farasi tumemwacha. Mnyama wetu wa shida ni punda, na pale penye matope ni ng'ombe. Wengi hawajui tofauti hii. Kwato ya punda ni moja na ndogo, inazama topeni kama kigingi. Kwato ya ng'ombe imegawanyika, hutanuka anapokanyaga na kufunga anapoinua. Kwa hiyo mkokoteni ukikwama kwenye mbuga ya udongo mweusi, usimpige punda. Mfungue, ulete maksai. Punda ni wa nchi kavu na ya mawe. Hata mvua haipendi, manyoya yake hayazuii maji, akilowa na kupigwa baridi hushikwa na kichomi. Mjengee kibanda.

Mgongoni mwekee kilo 50 hivi, si gunia zima la mahindi la kilo 100. Kwenye mkokoteni wenye magurudumu mazuri na njia sawa, punda wawili watavuta kilo 400 bila kuumia. Asifanyishwe kazi nzito kabla ya miaka mitatu. Mpe maji asubuhi na jioni. Kamba isimguse ngozi pale anapovuta. Weka mkanda mpana wa ngozi au gunia lililokunjwa, maana kidonda cha kifuani kinamtoa kazini mwezi mzima, na labda mwezi huo ndio mto unajaa. Hali mafuta ya kununua. Anakula majani na mabua ya mahindi. Na jike huzaa, ingawa hubeba mimba mwaka mzima. Gari halijawahi kuzaa gari.

Lakini punda wamekuwa wakipungua. Miaka ya karibuni walichinjwa na kuibwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi, ambayo hupelekwa China kutengenezea dawa. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo kwa miaka 15. Anayekuja usiku kutaka kununua punda wako kwa bei kubwa, mwulize anataka mgongo au anataka ngozi.

Wenye pikipiki nao wasikilize. Petroli iliyokaa kwenye dumu miezi mingi huharibika, na injini haitawaka siku unapoitaka. Kila mwezi itumie ile ya zamani, weka mpya. Dumu lisikae chumbani mnamolala wala karibu na koroboi. Tumesikia nyumba nyingi mno zimeungua hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Chora ramani ya njia kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali, na uweke alama kila mahali panapokatika wakati wa masika. Kila kipande kinafaa chombo gani, na nani katika kijiji anacho? Je, amekubali kukitoa usiku?

Kijiji kina kaya 120. Kila kaya inakula kilo 3 za unga kwa siku. Barabara imekatika siku 14. Zitahitajika kilo ngapi? Kama ghala lina kilo 2,000, na mikokoteni minne kila mmoja unaweza kuleta kilo 400 kwa safari moja ya siku mbili, je, ni lazima safari ya kwanza ianze kabla ya siku ya ngapi?